Goti bandia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu aina zake na tofauti zake

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekwisha kuambiwa na daktari bingwa wa mifupa kwamba dawa, mazoezi na sindano vimefika mwisho, sasa ni kubadilisha goti. Ni wa watoto na ndugu pia, maana mara nyingi wao ndio wanaokesha na simu wakitafuta "goti zuri ni lipi". Hatuuzi goti la kampuni yoyote. Majina ya kampuni yametajwa kwa sababu utayakuta kwenye makaratasi ya hospitali, na ni vizuri usiyakute kwa mara ya kwanza siku ya kusaini.

Goti bandia ni kitu gani hasa? Wanaondoa goti lote?

Hapana. Daktari hukata tabaka la mfupa na gegedu iliyosagika, chini ya sentimita moja hivi, mwishoni mwa mfupa wa paja na juu ya muundi. Kisha mfupa wa paja huvikwa kifuniko cha chuma kilichopinda, mara nyingi mchanganyiko wa kobalti na kromu. Juu ya muundi huwekwa sahani ya chuma, ya titani au ya kobalti na kromu. Katikati hukaa plastiki ngumu aina ya polithilini, ambayo ndiyo inachukua nafasi ya gegedu. Kipande cha nne ni kitufe cha plastiki nyuma ya pia ya goti, ambacho baadhi ya madaktari huweka na wengine huacha.

Misuli yako, kano za pembeni na pia ya goti vinabaki mahali pake. Hili ni la kushika, kwa sababu tofauti karibu zote utakazosoma hapa chini zinarudi kwenye jambo moja: kano zako zina nguvu kiasi gani, na goti bandia linatakiwa kuzisaidia kwa kiasi gani.

Kwa nini aina ni nyingi? Si wangechagua moja iliyo bora tukamaliza?

Wamejaribu. Mwaka 1890 huko Berlin, Themistocles Gluck aliweka goti la bawaba lililochongwa kwa pembe ya ndovu. Bawaba za chuma zilizokuja katika miaka ya 1950 ziliendeleza wazo hilohilo, na tatizo likawa lilelile: goti la binadamu halifunguki na kufungika kama mlango. Linapokunjwa, mfupa wa paja huteleza, hubingirika na kujizungusha kidogo juu ya muundi. Bawaba ikizuia mzunguko huo, nguvu yote huhamia pale chuma kinaposhikana na mfupa, na baada ya muda chuma kinalegea.

Mwaka 1968 Frank Gunston, daktari kutoka Kanada aliyekuwa akifanya kazi na John Charnley katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, aliweka goti lisilo na bawaba: chuma juu ya plastiki, vikishikwa kwa simenti. Mwaka 1974 John Insall na wenzake katika Hospital for Special Surgery, New York, walitoa goti lililoitwa Total Condylar. Magoti mengi yanayowekwa leo, yawe Triathlon ya Stryker, Persona ya Zimmer Biomet, Attune ya DePuy Synthes au Genesis II ya Smith & Nephew, ni ya ukoo huo. Ukiyapanga mezani mtu asiye wa fani hatayatofautisha, na hata wa fani atahitaji kuyageuza.

Nimeona kwenye karatasi "CR", mwenzangu wodini ana "PS". Nani kapata zuri?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, basi tulijibu kwa kituo.

Ndani ya goti kuna kano mbili zinazopishana, kano mtambuka ya mbele na ya nyuma. Katika upasuaji wa kawaida wa goti zima, ile ya mbele huondolewa. Mara nyingi imekwisha kuchakaa hata hivyo. Ya nyuma ndiyo yenye mjadala. Goti la CR huiacha. Kazi ya kano hiyo ni kuzuia muundi usirudi nyuma na kulisaidia paja kubingirika vizuri goti linapokunjwa, kwa hiyo plastiki ya CR huwa bapa kiasi, isiingilie kazi yake.

Goti la PS huiondoa kano hiyo na kuweka badala yake kigingi cha plastiki kinachosimama katikati. Goti likikunjwa, kipande cha chuma kati ya vifundo viwili vya paja hukutana na kigingi hicho na kulizuia paja lisiteleze kwenda mbele. Insall na Albert Burstein ndio walioleta wazo hili mwaka 1978, kwa sababu Total Condylar lilikuwa halikunji vya kutosha.

Faida na hasara? CR huokoa mfupa kidogo, maana PS huhitaji kukatwa kisanduku kidogo cha mfupa katikati ya paja ili kigingi kipate nafasi. PS nayo humrahisishia daktari kazi pale goti lilipopinda sana au kano ya nyuma ilipodhoofika, kama inavyotokea kwa wenye baridi yabisi. PS ina matatizo yake: kigingi kinaweza kulika au, kwa nadra, kuvunjika, na wapo wanaopata kinyama cha kovu juu ya pia ya goti kinachonasa na kuachia kwa sauti ya "ko!" wanaponyoosha mguu. Kwa CR hatari ni kano iliyoachwa kulegea miaka ya baadaye, na goti likaanza kuyumba wakati wa kushuka ngazi.

Tafiti zilizolinganisha aina hizi mbili, ukiziweka pamoja, zinatoa maumivu na uwezo wa kutembea unaokaribiana mno. Katika baadhi ya rejista za kitaifa, yaani daftari za nchi zinazofuatilia magoti yaliyowekwa, PS hurudiwa kupasuliwa mara nyingi kidogo zaidi, lakini kumbuka kwamba PS ndiyo inayopewa magoti magumu. Kwa hiyo wewe na mwenzako wodini msioneane wivu. Daktari aliyezoea CR na kufanya nyingi atakuwekea CR nzuri kuliko PS anayoifanya mara moja moja.

Hilo la "medial pivot" je?

Hapa upande wa ndani wa plastiki umechimbwa kama bakuli ili paja likae na lisiteleze, na upande wa nje umeachwa wazi uzunguke. Wazo limetokana na jinsi goti la asili linavyojizungusha kwa kuegemea upande wa ndani. Kano mtambuka ya nyuma inaweza kuachwa au kuondolewa. Wanaolipenda husema goti linatulia zaidi kwenye ngazi na mteremko. Ni wazo zuri na matokeo yake ni mazuri, ila si kiasi cha kukufanya uache daktari unayemwamini ukamtafute anayeliweka.

Plastiki inayozunguka haidumu zaidi? Niliambiwa haisuguliki.

Kwa hesabu za karatasini ilipaswa kudumu zaidi. Plastiki ikiachwa huru kuzunguka juu ya sahani ya muundi, mgusano unakuwa mpana, na msuguano ungepungua. Magoti ya namna hii yametumika tangu miaka ya 1970. Lakini uchunguzi mkubwa wa Uingereza uitwao KAT, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,300 na kufuatilia matokeo kwa miaka 10, haukuona faida kwa mgonjwa ukilinganisha na plastiki iliyofungwa. Plastiki huru nayo ina balaa lake: kano zisiposawazishwa vizuri inaweza kuchomoka mahali pake, na hapo ni kurudi chumba cha upasuaji.

Daktari wangu anasema nibadilishe nusu ya goti tu. Ni ujanja wa kupunguza gharama?

Si ujanja. Na huu ndio uamuzi mkubwa kuliko CR na PS, kwa sababu hapa tofauti inaonekana.

Goti lina vyumba vitatu: cha ndani, cha nje, na cha nyuma ya pia ya goti. Watu wengi husagika chumba cha ndani kwanza. Ndiyo maana wazee wengi hupata matege wakiwa wakubwa. Ikiwa kilichosagika ni chumba hicho peke yake, na kano zote mbili mtambuka ni nzima, daktari anaweza kubadilisha chumba hicho tu. Goti la nusu linalojulikana zaidi ni Oxford, lililobuniwa na daktari John Goodfellow na mhandisi John O'Connor wa mji huo huo.

Goti la nusu hubaki na kano zote, kovu ni dogo, mtu huinuka kitandani mapema na wengi husema linahisi kama goti lao. Uchunguzi wa TOPKAT nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, uligawa wagonjwa 528 kwa bahati nasibu kati ya nusu na zima. Baada ya miaka 5 matokeo yalikuwa karibu sawa, na nusu likawa na gharama ndogo kwa mfumo wa afya.

Upande wa pili: nusu hurudiwa mara nyingi zaidi. Katika rejista ya Uingereza, baada ya miaka 10 goti zima la simenti hurudiwa kwa wagonjwa kama 3 au 4 katika kila 100, ilhali nusu ni zaidi ya 10. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba nusu ni rahisi kugeuzwa kuwa zima, hivyo daktari hasiti. Sehemu nyingine ni mkono wa daktari: wanaofanya nusu chache kwa mwaka hupata marudio mengi kuliko wanaozifanya kila wiki. Ukiambiwa nusu, swali la kwanza liwe: "Daktari, kwa mwaka unafanya ngapi za namna hii?" Halina utovu wa adabu hata kidogo.

Simenti au bila simenti?

Simenti ya mifupa si ya ujenzi; ni gundi ya akriliki inayoganda ndani ya dakika chache, na mara nyingi huchanganywa na antibayotiki. Magoti mengi duniani huwekwa kwa simenti, na kwa mtu wa miaka 60 kwenda juu hakuna sababu ya kuikimbia. Magoti yasiyo na simenti yana uso wenye vitundu ambamo mfupa hukua na kushika. Madaktari huyafikiria zaidi kwa vijana na watu wazito wenye mfupa imara. Bei huwa juu.

Plastiki zote si sawa?

Si sawa, na kama kuna kipande kimoja cha kuulizia kwa bidii ni hiki, ingawa mauzo yote hufanywa kwa jina la chuma.

Zamani plastiki zilisafishwa kwa mionzi zikiwa ndani ya pakiti zenye hewa. Oksijeni iliingia ndani ya plastiki, ikaikausha, ikawa inamomonyoka. Chembe zake huingia kwenye mfupa, mwili huzishambulia, na katika mapambano hayo mfupa huliwa na chuma kulegea. Siku hizi plastiki hufungwa bila hewa, na nyingi ni za aina iliyoimarishwa kwa mionzi ili isilike haraka; nyingine huongezwa vitamini E ya kuzuia oksijeni. Kwa nyonga faida ya plastiki iliyoimarishwa iko wazi kabisa. Kwa goti ipo, ila ni ndogo zaidi.

Pia ya goti iwekwe kitufe au isiwekwe?

Marekani huwekwa karibu kwa kila mtu, nchi nyingine huachwa sana. KAT iliegemea kuweka, hasa kwa sababu anayeachwa huweza kurudi baadaye na maumivu ya mbele ya goti na kuwekewa kwa upasuaji wa pili. Mwachie daktari.

Nitaweza kuswali kama zamani? Na choo cha kuchuchumaa?

Mama mmoja aliwahi kumkatiza daktari katikati ya maelezo ya kobalti na titani: "Hayo yote sawa mwanangu, sijda nitaishika?" Ndilo swali lenyewe, hasa kwa watu wa pwani.

Kuna magoti yaliyotengenezwa yakiitwa ya kukunja sana, yakilengwa hasa masoko ya Asia na nchi za Kiislamu. Nyuma ya kifuniko cha paja kumeongezwa umbo ili goti likunje bila ncha ya chuma kuchimba plastiki. Tafiti zilipolinganisha, kukunja kuliongezeka kidogo sana au hakukuongezeka. Kinachotabiri utakunja kiasi gani baada ya upasuaji ni ulivyokuwa ukikunja kabla. Aliyeingia na nyuzi 90 hatatoka na 150 kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye boksi. Wengi hufika nyuzi 110 hadi 120, zinazotosha kiti, ngazi na kuingia daladala au matatu. Kukaa tahiyatu kwa kukalia visigino, na kuchuchumaa hadi chini, kunahitaji zaidi ya 130.

Kupiga goti kwenyewe, kwenye msala, kanisani au shambani wakati wa kupalilia, hakuharibu goti bandia lililokwisha kupona. Kunasumbua, maana ngozi ya upande wa nje wa kovu huwa na ganzi kwa muda mrefu na mtu huhisi kama amepigia goti kitu kigeni. Wapo wanaozoea kwa kuanzia kwenye godoro. Wasioweza huswali juu ya kiti, na dini imempa mgonjwa nafasi hiyo bila kinyongo. Kuhusu choo, fundi wa kubadilisha sinki la chini kuwa la kukalia aitwe kabla ya upasuaji. Usingoje mgonjwa afike nyumbani.

Kuna goti la wanawake?

Liliwahi kuuzwa hivyo. Mwaka 2006 Zimmer ilitoa goti la kike, jembamba zaidi upande kwa upande. Wanawake waliowekewa hawakupata nafuu zaidi ya wengine. Kilichobaki na cha maana ni saizi nyembamba, ambazo mifumo mingi ya sasa inazo, kwa mtu yeyote ambaye mfupa wake ni mwembamba.

Roboti je?

Roboti nyingi haziachiwi msumeno peke yake. Daktari ndiye anayeshika, na mashine humwongoza au humzuia asikate nje ya mpango. Pembe za kukata hutoka sahihi zaidi. Iwapo usahihi huo unapunguza maumivu au kuongeza miaka ya goti, ushahidi wa muda mrefu bado ni mwembamba. Jambo ambalo matangazo hayasemi kwa sauti ni kwamba mashine nyingi huja na goti lake: roboti iitwayo Mako hufanya kazi na magoti ya Stryker, na iitwayo ROSA hufanya kazi na ya Zimmer Biomet. Ukichagua roboti ya namna hiyo umeshachagua na kampuni.

Nikivaa hereni za bandia natoka upele. Chuma kitanidhuru?

Upele huo mara nyingi ni mzio wa nikeli, na kobalti-kromu huwa na nikeli kidogo. Mwambie daktari, asisikie kwa mara ya kwanza baada ya upasuaji. Lakini uhusiano kati ya upele wa ngozi na goti kushindwa ni dhaifu, na kumpima kila mgonjwa hakushauriwi. Kwa mwenye historia nzito kuna vifuniko vya zirkoni iliyooksidishwa, au vilivyopakwa tabaka la nitridi ya titani. Vina bei yake.

Bibi yetu mguu umepinda sana, goti linacheza pembeni. Aina hizi zinamhusu?

Pengine hapana, na familia ijue mapema. Kwetu watu wengi hufika hospitali wamechelewa, baada ya miaka ya dawa za kuchua na vidonge vya duka la dawa, goti likiwa limepinda ndani au nje kiasi kwamba kano ya upande mmoja imevutika kama lastiki iliyochoka. Umbo la CR au PS halizuii goti kucheza pembeni. Hiyo ni kazi ya kano za pembeni. Zikiwa zimelegea, daktari hupanda ngazi moja: goti lenye kigingi kipana na kirefu zaidi, linalozuia pia mwendo wa pembeni, pamoja na vyuma virefu vinavyoingia ndani ya mfupa kugawa mzigo. Kano zikiwa hazipo kabisa, bawaba inarudi, ila ya kisasa inayoruhusu mzunguko.

Kwa nini basi asipewe kila mtu hilo la bawaba, liwe imara? Kwa sababu ileile iliyoua bawaba za zamani. Kila udhibiti anaoongeza daktari unahamishia nguvu kwenye mshikamano wa chuma na mfupa. Kutembea tu kwenye tambarare kunalibebesha goti karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Kushuka ngazi, karibu mara tatu na nusu. Kano zikiweza kubeba sehemu ya mzigo huo, ziachwe zibebe.

Kwa mgonjwa wa namna hii uliza kama vifaa vya akiba vitakuwepo siku ya upasuaji. Hospitali zetu nyingi hazitunzi magoti stoo. Wakala wa kampuni huleta seti ya siku hiyo, masanduku ya vifaa na maboksi ya saizi. Daktari akishakata mfupa hujaribu plastiki za majaribio za unene tofauti, akinyoosha na kukunja mguu, akiusukuma ndani na nje kuona kama kuna mwanya, mpaka apate inayokaa. Siku hiyo si ya kugundua kwamba unene unaotakiwa haukuletwa.

Litadumu miaka mingapi?

Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019, kwa data za rejista za Australia na Finland, ulikadiria kwamba magoti mazima 82 katika kila 100 huwa bado yapo baada ya miaka 25. Kwa nusu ni 70. Hayo ni magoti yaliyowekwa zamani, kwa plastiki za zamani.

Umri unabadilisha hesabu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mwanamume anayewekewa goti mwanzoni mwa miaka ya 50 ana uwezekano wa hadi asilimia 35 wa kurudiwa katika maisha yake. Aliyevuka 70 ni kama asilimia 5. Ndiyo maana daktari anapomwambia mtu wa miaka 48 avumilie kwanza, apunguze uzito na afanye mazoezi, hamnyanyasi.

Na kudumu si kuridhika. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano, katika nchi zinazouliza, husema hajaridhika na goti lake, hata pale picha ya eksirei ni safi. Hakuna muundo uliofanikiwa kuifuta hesabu hiyo, na kila kampuni imejaribu.

Kwenda India au kufanyia hapa?

Goti zima hufanyika Muhimbili katika Taasisi ya Mifupa, MOI, na Kenya katika hospitali kama Kenyatta, Kikuyu na Kijabe, mbali na hospitali binafsi. India ina madaktari wanaofanya magoti mengi sana, na mwezi Agosti 2017 serikali yake iliweka ukomo wa bei: goti la kobalti-kromu lisizidi rupia 54,720 kabla ya kodi, na lile la titani au zirkoni iliyooksidishwa 76,600. Ukomo hurekebishwa, kwa hiyo uliza wa sasa. Ukiletewa bili ambayo bei ya goti peke yake imepanda juu ya hapo mara mbili, omba mchanganuo. Tena ujue ukomo ni wa kifaa tu, haugusi ada ya daktari, chumba wala mazoezi.

Watu hulinganisha bei ya upasuaji na kusahau wiki zinazofuata. Maambukizi, ambayo huwapata kama mgonjwa 1 au 2 katika kila 100, na damu kuganda miguuni, hujitokeza sana mtu akiwa tayari nyumbani. Nani atakupokea Tanga au Kisumu kidonda kikianza kutoa majimaji? Na mazoezi ya kukunja goti, yale ya machozi ya wiki sita za mwanzo, utafanya na nani? Mwenye kisukari ashushe sukari kabla ya kukata tiketi. Muulize pia daktari lini unaruhusiwa kupanda ndege ya kurudi.

Nimuulize daktari nini basi?

Uliza anatumia goti gani, kwa miaka mingapi, na wagonjwa wake wangapi wamerudi. Uliza kama goti hilo lina rekodi ya miaka 10 au zaidi katika rejista. Sweden imekuwa na rejista ya magoti tangu 1975, Uingereza na Wales tangu 2003. Malawi, jirani yetu, ilianza ya kwake 2005. Uingereza kuna pia alama za ODEP, jopo linalopima ushahidi wa viungo bandia: goti lenye 10A lina ushahidi wa miaka 10. Kifaa kipya kisicho na alama kinaweza kuwa kizuri, ila acha wengine watangulie.

Kampuni ikitangaza magoti yake yana kasoro, nitajuaje kama langu limo?

Kati ya 2021 na 2022 kampuni ya Exactech ya Marekani ilitangaza kuziondoa sokoni plastiki zake za magoti na nyonga zenye kasoro. Pakiti zilikosa tabaka moja la kuzuia oksijeni, na kwa magoti kasoro ilirudi nyuma hadi yaliyotengenezwa 2004. Wagonjwa duniani kote wakaanza kuulizana: langu ni la nani?

Jibu lao liko kwenye stika. Kila boksi la kipande cha goti lina stika kadhaa zenye jina la kampuni, saizi, namba baada ya neno REF na nyingine baada ya LOT. Muuguzi huzibandua na kuzibandika kwenye faili lako, kwa kawaida tatu au nne kwenye ukurasa mmoja. Omba seti ya ziada, au upige picha ukurasa huo kabla ya kutoka wodini, na picha hiyo mtumie mtoto au ndugu mwingine mmoja. Faili la hospitali hupotea, wino hufifia.

Kuna sababu ya pili. Miaka 15 ijayo plastiki ikilika huku chuma bado kimeshika, daktari anaweza kubadilisha plastiki peke yake, upasuaji mdogo kuliko wa kung'oa vyote. Lakini plastiki ya kampuni moja haiingii kwenye sahani ya nyingine, na hata ndani ya kampuni moja lazima saizi ziendane. Bila namba zile, daktari atabaki kukisia kwa kuangalia eksirei. Kadi wanayokupa wakati wa kuruhusiwa ikiwa imeandikwa "goti la kushoto, kobalti-kromu" tu, irudishe dirishani uombe ijazwe REF na LOT.